Kabla ya Chuma cha Moto: Mguu wa Nyuma wa Punda wa Kilungu

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mguu wa nyuma wa punda, na hasa kifundo chake. Katika vilima vya Kilungu, Kaunti ya Makueni, kuanzia Nunguni hadi mabonde yanayoteremka kuelekea Mto Kaiti, maji, samadi, mahindi, mchanga na parachichi bado husafiri mgongoni mwa mnyama huyu. Pale ambapo pikipiki huteleza na gari haliwezi kupita, yeye hupita. Akianza kuchechemea, mama wa nyumba hiyo ndiye atakayebeba mtungi mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, na watoto watachelewa shule. Kwa hiyo haishangazi kwamba mwenye punda hutafuta tiba upesi, na katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki tiba iliyo karibu ni ya mzee mwenye chuma kilichopashwa moto hadi kikaiva. Mistari huchomwa juu ya uvimbe, punda huwekwa kando wiki kadhaa, na akipata nafuu, chuma ndicho hupewa sifa. Nadai jioni hii kwamba sifa hiyo si ya chuma. Nadai pia kwamba mikono ya mwenye punda, ikichua misuli kwa utaratibu, ina nafasi ya haki katika kumuuguza mnyama huyu. Ila nafasi hiyo ni ya tatu: kwanza kijulikane kinachouma, pili mzigo upungue, ndipo mikono ifuate.

Tuanze na kiungo chenyewe. Kiko katikati ya mguu wa nyuma, pale mguu unapopinda kuelekea nyuma, na wengi hukidhania kuwa goti. Goti la punda liko juu zaidi, karibu na tumbo. Mifupa ya sehemu hii ndiyo ile iliyo kwenye kifundo cha mguu wa binadamu, na ile ncha inayochomoza nyuma ni kisigino. Punda, sawa na farasi, husimama juu ya ncha ya kidole kimoja, kisigino kikiwa hewani maisha yake yote. Ndani ya kifundo hicho mna viungo vinne vilivyopandana. Cha juu kabisa hukunja na kukunjua mguu kama bawaba ya mlango, na karibu mwendo wote wa kifundo hutokea hapo. Viwili vya chini vina mifupa bapa iliyolaliana, ambayo hata mnyama akikimbia husogea kidogo mno. Kazi yake ni kupokea uzito na kuusambaza. Ni hivi viwili vya chini ambavyo huharibika mara nyingi zaidi. Gegedu huliwa kidogo kidogo, mwili hujibu kwa kuotesha mfupa mpya pembeni, na baada ya muda huenda ukagusa nundu ngumu upande wa ndani wa mguu, chini kabisa ya kifundo. Hiyo ndiyo yabisi ya kifundo. Kuna uvimbe wa aina nyingine. Maji yakijaa kiungo cha juu, hutokea uvimbe laini mbele ya kifundo. Ncha ya kisigino nayo ikigongwa mara kwa mara kwenye mbao za mkokoteni, au mnyama akilala kwenye mawe, hutokea kifuko cha maji papo hapo. Uvimbe wa namna hizi mbili humtia mwenyewe hofu kwa sababu unaonekana, na pengine maumivu yake ni madogo. Ile yabisi ya chini, ambayo kwa miezi mingi haina alama yoyote juu ya ngozi, ndiyo inayomtesa mnyama.

Ni nini huileta? Umri upo, na umbo la miguu aliyozaliwa nayo lipo. Lakini mtu akiyatazama mazingira ya Kilungu hawezi kuacha kutaja mzigo na mteremko. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Mitungi minne ni kilo 80, kabla hujahesabu soji na uzito wa mitungi yenyewe. Punda wetu wa Afrika Mashariki ni wadogo, wengi wao hawafiki hata kilo 200, na washauri wa ustawi wa punda husema mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa mnyama. Punda wa kilo 150, basi, anastahili kilo 50, yaani mitungi miwili na chenji kidogo. Anayebebeshwa minne amepita nusu ya uzito wake mwenyewe. Kisha mpandishe kilima. Anapopanda, miguu ya nyuma ndiyo inayosukuma mwili wote na mzigo juu. Anaposhuka, huikusanya miguu hiyo chini ya tumbo ili azuie uzito usimporomoshe, na kifundo hubanwa kikiwa kimekunjwa. Mkokoteni usio na breki wala mkanda unaopita nyuma ya mapaja huongeza adhabu hiyo, maana gari zima humsukuma kwa nyuma. Kwato zilizoachwa zikarefuka mbele nazo huchelewesha mguu kuinuka, na kila hatua huvuta kano za kifundo zaidi ya inavyotakiwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tumeufanya mzigo wa punda kuwa mwepesi kuliko usufi, kwa sababu yeye hajui kulalamika.

Na kwa kweli halalamiki. Punda huficha maumivu kuliko farasi, na wanaowatibu wanyama hawa wote wanalijua hilo. Akifika mahali pa kuchechemea waziwazi, ugonjwa umekwenda mbali. Ndiyo maana ni lazima mwenye punda ajifunze kutazama mapema, na kutazama hakuhitaji fedha. Mtu mmoja amwongoze punda kwa kamba iliyolegea, bila mzigo, kwenye ardhi ngumu na tambarare. Wewe simama nyuma yake. Tazama ile mifupa miwili ya nyonga inayojitokeza kulia na kushoto. Kwa mnyama mzima, hupanda na kushuka kwa kipimo kimoja. Kwa anayeumwa mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na kushuka kupita ile ya pili. Tazama nyayo zake vumbini: mguu usiokunjwa vizuri huacha mburuzo mbele ya alama ya kwato, na ukiinua kwato utaona ncha yake imelika. Yabisi ya kifundo ina hila moja zaidi. Mara nyingi hushika miguu yote miwili ya nyuma, na punda wa namna hiyo hana mguu mzuri wa kuegemea, kwa hiyo hachechemei. Hufupisha hatua tu. Asubuhi huwa amekakamaa, akitembea kidogo hulegea, na kwenye mteremko husimama akagoma. Mwenyewe humwita mkaidi, na jibu la ukaidi huwa fimbo. Daktari wa mifugo anayeshuku kifundo huukunja mguu na kuushikilia umekunjwa kwa takriban dakika moja, kisha huamuru mnyama akimbizwe mara hiyo hiyo. Hatua za kwanza zikiwa mbaya kuliko awali, shaka yake imepata nguvu, ingawa picha ya eksirei ndiyo huonyesha mfupa ulivyo.

Sasa turudi kwenye chuma. Watu wasidhani kwamba kuchoma ni ujinga wa Waafrika. Ulaya ilichoma farasi wake kwa karne nyingi, na madaktari waliosoma walifanya hivyo hadi juzi juzi. Mwaka 1983 Ian Silver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha uchunguzi mrefu juu ya kano za farasi zilizojeruhiwa, wakalinganisha zilizochomwa na zisizochomwa. Kuchoma hakukuharakisha kupona kwa kano. Kulichofanya ni kuiumiza ngozi na kumpa mnyama maumivu mapya. Mwaka 1991 chuo cha kifalme kinachosimamia madaktari wa mifugo wa Uingereza kikatamka kwamba kuchoma farasi ni kinyume cha maadili ya kazi yao. Ni kweli kwamba uchunguzi ule ulihusu kano, haukuhusu yabisi ya kifundo. Lakini mtu anayetaka kuendelea kuchoma ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi, kwa kuwa ndiye anayeleta jeraha. Na jeraha la moto katika boma lenye samadi ni mlango wa nzi, usaha na pepopunda, ugonjwa ambao farasi na punda huupata kwa urahisi kuliko mifugo mingine na ambao mara nyingi huua.

Mzee mwenye chuma atasema: nimechoma wengi, nao wamepona. Sina sababu ya kumwita mwongo. Wamepata nafuu kweli, na sababu zake zinaelezeka bila kukihusisha chuma. Ya kwanza ni mapumziko. Punda aliyechomwa hawezi kufungwa mzigo juu ya kidonda, hivyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka amepata wiki nne au sita bila mitungi. Ya pili ni wakati wenyewe wa kuchomwa: watu hutafuta tiba siku ugonjwa umefika kileleni, na maumivu ya viungo hupanda na kushuka, kwa hiyo baada ya kilele hufuata ahueni hata usipofanya lolote. Ya tatu ni ya kifundo hiki peke yake. Vile viungo viwili vya chini, kwa kuwa havikuumbwa kwa mwendo mkubwa, kwa baadhi ya wanyama huishia kuungana vikawa mfupa mmoja. Vikishaungana, hakuna tena kinachosuguana, na maumivu hupungua au hukoma. Madaktari huko nje wana upasuaji na dawa za kuharakisha muungano huo. Mwili wenyewe huweza kuufikia polepole, na chuma kilichopita njiani hujichukulia heshima. Ukimpa punda mapumziko yale yale bila moto, umempa kilichomsaidia na kumwepusha na kilichomdhuru.

Baada ya chuma tuizungumzie mikono. Farasi wa mashindano, awe wa uwanja wa Ngong au wa Ulaya, akiumwa kifundo hupigwa picha, hupewa dawa ya kutuliza maumivu, pengine hudungwa steroidi ndani ya kiungo, na pamoja na hayo huja mtu wa kumchua, kumnyoosha viungo na kumfanyisha mazoezi. Huduma hii ya mikono imekuwa biashara kubwa, na biashara ikikua ahadi nazo hukua. Kwa hiyo tuulize imethibitisha nini. Mwaka 2008 Sullivan, Hill na Haussler, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio la farasi 38 wasio na dalili za ugonjwa. Walipima ni mkandamizo kiasi gani mgongoni ambao farasi angeuvumilia kabla ya kujitoa. Siku ya saba, kiwango hicho kilikuwa kimepanda kwa asilimia 27 kwa walionyooshwa uti wa mgongo, asilimia 12 kwa waliochuliwa, na asilimia 8 kwa waliopewa dawa ya fenilibutazoni. Kwa wale walioachwa hivi hivi hakikupanda hata asilimia moja. Mwaka 2010 Hill na Crook walichua misuli ya nyuma ya mapaja ya farasi 8, wakakuta mguu wa nyuma unafika mbele zaidi kuliko kabla. Mwaka 2011 Stubbs na wenzake waliwafanyisha farasi 8, kwa miezi mitatu, mazoezi ya kugeuza shingo na kuinamisha kichwa wakifuata chakula mkononi, na misuli midogo inayoshikilia uti wa mgongo ikanenepa. Haya ni matokeo ya kweli, nami nayapokea.

Lakini yatazameni vizuri. Farasi 38, kisha 8, kisha 8. Mgongo, paja, mgongo tena. Hakuna hata jaribio moja kati ya hayo lililohusu kifundo chenye yabisi, wala punda anayeteka maji. Mwaka 2022 Anna Bergh wa Uswidi na wenzake walizikusanya tafiti za kuchua na kunyoosha misuli ya wanyama wa michezo na wa nyumbani, wakazipima ubora. Walisema ushahidi ni haba na mwingi wake ni dhaifu, kiasi kwamba hauwezi kubeba hukumu nzito. Basi anayekuambia kwamba kwa kuchua ataondoa mfupa ulioota, au atarudisha gegedu iliyoliwa, anakuuzia asicho nacho. Hakuna kidole kinachofika kwenye vile viungo vya chini. Vimefunikwa na kano ngumu, na hata vingefikiwa, gegedu ya mnyama mzima hairudi kwa kubonyezwa. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu mtu aliyeacha chuma akakimbilia mikono, huku punda bado ana mitungi minne, amebadilisha jina la tiba tu.

Mwenye shaka ataniuliza: kama ushahidi ni haba hivyo, kwa nini hata uitaje mikono? Naitaja kwa sababu ya yale yanayotokea juu ya kifundo. Mnyama anayeumwa chini hujipanga upya juu. Huukaza mguu ili usikunjike, huegemea upande wa pili, na misuli ya paja, ya matako na ya kiuno hufanya kazi isiyo yake mchana kutwa. Kwa farasi jambo hili linajulikana sana: anayechechemea kwa muda mrefu hupata pia maumivu ya mgongo. Misuli hiyo iliyokakamaa ni maumivu ya pili juu ya yale ya kwanza, na tofauti na gegedu, misuli hufikiwa na mkono. Haya ndiyo yaliyoonekana, kwa kiasi, katika yale majaribio madogo. Kuna faida nyingine ambayo haimo katika majaribio, nayo kwa Kilungu naiona kubwa kuliko zote. Mtu anayempapasa punda wake kila jioni atakuwa wa kwanza kujua kwamba kifundo cha leo kina joto kuliko cha jana, kwamba soji imeanza kuchubua kiuno, kwamba jiwe limekwama katika kwato. Ugonjwa wa kiungo hushindwa mapema au haushindwi kabisa, na mkono unaorudi pale pale kila siku ndio unaogundua mapema.

Basi ifanywe namna hii. Punda awe amefunguliwa mzigo, amekunywa maji, na amepoa. Simama ubavuni mwake karibu na nyonga, usisimame nyuma. Mkono mmoja ubaki mgongoni muda wote ili ajue ulipo. Anza na bega na kiuno, mahali asipoogopa, kwa kiganja kizima, ukipitisha polepole kufuata manyoya. Akishatulia shuka kwenye matako na nyama za nyuma ya paja, ukizikanda kwa uzito wa mwili wako na si kwa nguvu za vidole, dakika tano hivi kila upande. Mtazame usoni. Masikio yakilegea, mdomo wa chini ukining'inia, akianza kutafuna hewani, umepata mahali. Akiyalaza masikio, akikaza tumbo au kukusogezea nyonga, umefika penye maumivu. Punguza au toka hapo. Kifundo chenyewe kiguse kwa nyuma ya mkono ili kupima joto, usikibonyeze. Ukimaliza, mtembeze kidogo tambarare bila mzigo, kwa kuwa kiungo chenye yabisi hufaidika na mwendo mwepesi kuliko kufungwa kwenye mti siku nzima. Na kuna siku ambazo mikono hairuhusiwi kabisa: mguu ukivimba ghafla na kuwa moto, pakiwa na jeraha, mnyama akiwa na homa, akiwa hakanyagi mguu, au mwili mzima ukiwa umekakamaa kama mti. Siku hiyo ni ya daktari.

Najua atasimama mtu aseme, asante ya punda ni mateke, na wewe watuambia tuishike miguu yake. Mateke mengi ya punda ni ya mnyama anayeumwa au aliyezoea kuguswa kwa fimbo tu. Anayeanza begani, akashuka kidogo kidogo kwa siku kadhaa, hupokelewa. Asiyepokelewa hata baada ya hapo ana habari muhimu ya kumpelekea daktari. Mwingine atasema daktari yuko mbali na ni ghali. Hoja hii ina uzito, siwezi kuipuuza. Lakini kwa Katiba ya 2010 huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, na sheria namba 29 ya mwaka 2011 inatambua, chini ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, si madaktari tu bali pia wahudumu wa ngazi za chini waliosomea kazi hiyo. Ziara moja ya kujua ni kiungo gani kinauma ni nafuu kuliko kumchoma punda mara mbili kisha kumpoteza. Dawa ya maumivu nayo isinunuliwe dukani kwa kukisia. Fenilibutazoni ikizidi huharibu tumbo na figo, na kipimo cha farasi hakimfai kila punda. Mnyama aliyepewa dawa hiyo pia hafai kuliwa.

Kuna wanaosema, punda akiharibika si nitanunua mwingine? Maneno haya yalikuwa na maana zamani. Sensa ya 2009 iliwahesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya. Kuanzia 2016 machinjio yalifunguliwa kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China, punda wakaanza kuibwa usiku, na bei ikapanda. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilionya mwaka 2019 kwamba wanachinjwa kwa kasi kuliko wanavyozaliwa. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, na mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Huyo mwingine hapatikani tena kirahisi. Punda hukua taratibu, mimba yake ni ya takriban mwaka mzima, na anayefungwa mzigo kabla ya kukomaa ndiye atakayechechemea kesho. Aidha Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpakia mnyama kupita kiasi na kumfanyisha kazi akiwa na ugonjwa au jeraha linalomfanya asifae kwa kazi hiyo. Sheria hiyo iko vitabuni tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na barabarani ni kama haipo.

Kilichobaki ni mzigo, nacho ndicho kigumu. Mwenye punda wa kuuza maji hulipwa kwa mtungi, na kumwambia apakie miwili badala ya minne ni kumwambia apate nusu ya riziki. Siwezi kulipita neno hilo kwa wepesi. Lakini hesabu ya siku moja ni tofauti na hesabu ya miaka. Punda hufanya kazi miaka mingi akitunzwa, na kifundo kikiisha akiwa bado kijana, ile mitungi miwili ya ziada imegharimu miaka yote iliyobaki. Uzito wa punda nao unaweza kukadiriwa bila mizani. Milner na Rougier walichapisha mwaka 2014 njia ya kuukadiria kutokana na vipimo vya punda wa vijijini hapa Kenya, na kipimo kikubwa katika njia hiyo ni mzingo wa kifua, ambao huchukuliwa kwa utepe. Chama cha wenye punda sokoni kingeweza kuwa na utepe mmoja kwa wote. Na njia bora kuliko zote ya kupunguza mzigo ni kufupisha safari. Kikundi cha Utooni, upande wa Kola, kilianza mwaka 1978 kujenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu ya Ukambani, na kila bwawa linaloleta maji karibu na boma huviokoa vifundo vingi kuliko daktari na mchuaji wakiwekwa pamoja.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili, ninyi mnaonisikiliza kutoka Nunguni, Kilome, Ukia na kwingineko. Kesho asubuhi, kabla ya kumfunga punda mzigo, mtembezeni bila kitu mgongoni na mtazame nyonga zake kwa nyuma. Mkiona moja inapanda kupita nyingine, siku hiyo asibebe, na chuma kisiwashwe. Na kaunti itakapowaita kwenye mikutano ya wadi kujadili bajeti, msitaje barabara na shule pekee. Ombeni mhudumu wa mifugo aliyefunzwa kutibu punda, na maji yaliyo karibu na nyumba zenu. Makueni imejijengea jina kwa kuwasikiliza wananchi wake katika mikutano hiyo, na ombi hilo bado halijachelewa.